Jinsi ya kuchunguza utengano wa kimageuko kwa vinasaba na umbo la mwili: mfano wa samaki wa Ziwa Masoko

Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, ni ziwa dogo la kreta wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, lenye upana wa takriban mita 700 tu. Humo wanaishi samaki wa spishi ya Astatotilapia calliptera, walio wa ukoo mmoja na furu wa Ziwa Viktoria, nao wamejigawa katika makundi mawili: wale wa maji ya kina kifupi, ambao madume yao ni ya manjano, na wale wa kilindini, ambao madume yao ni ya buluu iliyokoza. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kusoma jenomu (vinasaba vyote) za samaki 146, wakaonyesha maeneo 98 ambamo makundi hayo yanatofautiana sana, huku sehemu kubwa ya jenomu ikiwa bado inafanana. Kwa mwanafunzi anayetaka kuona spishi zikianza kutengana, sijui mfano ulio bora kuliko huu katika Afrika Mashariki, na ndio nitakaoutumia kueleza hatua za kazi.

Jambo la kuamua kabla ya kutupa wavu ni kwamba vipimo vya umbo na sampuli za vinasaba vitatoka kwa samaki yule yule. Ukipima umbo la samaki hawa na kusoma vinasaba vya wale, utaweza kulinganisha wastani wa makundi tu. Ukiwa na vyote viwili kwa kila samaki, utaweza kuuliza swali lenye uzito zaidi: je, samaki mwenye umbo la katikati ana vinasaba vya katikati pia, au ni wa kundi moja kamili aliyekua tofauti na wenzake?

Baada ya kupata kibali cha utafiti, ambacho kwa Tanzania hutolewa na COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), panga kuvua katika vina kadhaa na uandike kina cha kila samaki kwa mita, badala ya kuandika “juu” au “chini” peke yake. Mlaze samaki kwa dawa ya ganzi. Mafuta ya karafuu hutumika sana kwa kazi hii. Mpige picha ubavu wa kushoto akiwa bado mbichi, mapezi yametandazwa kwa pini, rula na namba yake vikiwa pembeni, na kamera ikiwa juu yake wima kwa umbali usiobadilika. Kisha kata kipande kidogo cha pezi ukitie katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na usafishe mkasi kabla ya kumgusa samaki anayefuata. Ndipo mwili uingie kwenye fomalini, dawa ya kuuhifadhi. Utaratibu huu usigeuzwe, kwa kuwa fomalini huharibu DNA na pia huukunja mwili.

Kuna hatari moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kurudi maabara. Samaki aliyepandishwa haraka kutoka mita 20 hufika juu akiwa amevimba tumbo, kwa sababu hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka shinikizo la maji linapopungua. Umbo hupimwa kwa nukta zinazowekwa juu ya picha, mahali palepale kwa kila samaki. Nukta hizo zikiwekwa kwenye ukingo wa tumbo, uchambuzi utatangaza kwamba samaki wa kilindini wana miili minene, na tofauti hiyo itakuwa imetengenezwa na wavu. Kwa hiyo tegemea nukta zilizofungwa kwenye mifupa: ncha ya pua, kona za taya, kingo za jicho, kifuniko cha matamvua, na mahali mapezi yanapoanzia na kuishia.

Nukta 15 hadi 20 kwa kila picha zinatosha kwa kawaida, na programu kama tpsDig na MorphoJ hupatikana bure. Changanya picha ili usijue unapima kundi gani, na rudia kupima baadhi yake siku nyingine, uone kosa la mkono wako ni kubwa kiasi gani likilinganishwa na tofauti unayoitafuta. Mbinu ya Procrustes, inayopatanisha nukta za picha zote, itaondoa athari za mahali, mwelekeo na ukubwa wa picha, lakini haiondoi ukweli kwamba samaki mkubwa huwa na umbo tofauti na mdogo. Athari hiyo ya ukuaji ipimwe na kuzingatiwa kabla ya kulinganisha makundi.

Kwa upande wa vinasaba, usitegemee DNA ya mitokondria (ile iliyo nje ya kiini cha seli) pekee. Hurithiwa kwa mama tu, na katika koo changa kama hizi spishi tofauti mara nyingi huwa na mifuatano ileile ya herufi za DNA. Hata katika Ziwa Malawi, spishi mbili zinazoonekana tofauti kabisa kwa macho huachana kwa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu ya herufi za jenomu. Soma maelfu ya alama za vinasaba (sehemu ambamo herufi hutofautiana) zilizotawanyika katika kromosomu zote, au jenomu nzima kama fedha zinaruhusu. Kipimo cha FST, kinachoanzia 0 kwa makundi yasiyotofautiana hadi 1 kwa yaliyotengana kabisa, kikokotolewe kwa kila kipande cha kromosomu, kwa sababu wastani wa jenomu nzima huficha maeneo machache yenye tofauti kubwa. Hesabu pia tofauti halisi ya herufi baina ya makundi, yaani dXY, kwa kuwa FST inaweza kupanda pale ambapo utofauti ndani ya kundi umepungua, bila makundi yenyewe kuwa yameachana zaidi.

Hatimaye unganisha pande mbili, na hapa ndipo napenda mtafiti atumie muda mrefu kuliko kwingine. Maumbo yakitofautiana ilhali vinasaba havitofautiani, shuku kwanza chakula na mazingira: Astatoreochromis alluaudi wa Ziwa Viktoria, ambaye huvunja konokono kwa taya lake la kooni, huota taya dogo zaidi akilelewa kwa chakula laini. Njia ya kulithibitisha hilo ni kulea watoto wa makundi yote mawili katika matangi ya aina moja, kwa chakula kimoja, kisha kuwapima upya. Vinasaba vikitofautiana na maumbo yasitofautiane, huenda utengano umetokea kwa umbali tu au upo katika rangi, macho au tabia, mambo ambayo nukta za ubavuni haziwezi kuyaona. Huko Masoko, miongoni mwa jeni zilizomo katika yale maeneo 98 imo ya rodopsini, inayohusika na kuona katika mwanga hafifu. Vyote viwili vikienda pamoja, angalia kama uhusiano huo unabaki hata ndani ya kundi moja, kabla ya kudai kwamba jeni fulani ndiyo inayojenga umbo fulani.