Kung'oa Carpobrotus kwenye matuta ya mchanga ya California

Carpobrotus edulis, mmea unaotambaa wenye majani manene, asili yake ni Afrika Kusini. Ulipelekwa California mwanzoni mwa karne ya 20 kushikilia udongo kando ya reli, kisha ukapandwa kando ya barabara kuu. Sasa umefunika matuta ya pwani kama zulia na kukaba mimea ya kienyeji. Sehemu nyingi za pwani ni hifadhi, kwa hiyo anza na kibali.

1. Chagua wakati. Ngoja mvua inyeshe. Mchanga ukiwa na unyevu, mashina hutoka marefu bila kukatika. Kuanzia Machi hadi Septemba kaa mbali na mchanga mtupu wa ufukweni, maana ndege wadogo aina ya Charadrius nivosus hutaga hapohapo chini na mayai yao hayaonekani kirahisi.

2. Utambue. Jani ni nene, lina pande tatu na urefu wa sm 6 hadi 13. Pitisha kidole kwenye ukingo wa nje karibu na ncha: utagusa vijino vidogo. Ua ni la njano, likizeeka hugeuka waridi.

3. Kata na ukunje. Kata vipande vya upana wa mita moja kwa panga, kisha mkunje watu wawili kama mnavyokunja mkeka. Ukiona mmea wa kienyeji katikati, zungushia kata kwa mkono.

4. Fuata mashina yaliyofukiwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kila kifundo cha shina, yaani mahali majani yanapochipuka, kinaweza kutoa mizizi, na kipande chenye kifundo kimoja kikibaki mchangani kinachipua upya. Mkeka ukishaondoka, piga magoti uchambue mchanga kwa vidole. Shina kuukuu ni la kahawia, gumu, na ni rahisi kulidhania mzizi mkavu. Livute polepole ukilifuata hadi mwisho wake. Likikataa, lilegeze kwa uma wa shamba. Jembe usilete kabisa: linakatakata shina na kuzalisha miche mipya. Dawa ya magugu ya glaifoseti huua, ila polepole, na inaweza kugusa mimea unayoiokoa. Mikono ni bora.

5. Rundika. Weka mashina uliyong'oa juu ya turubai, mizizi ikitazama juu. Yakigusa mchanga wenye unyevu yataota tena, maana majani yamejaa maji. Geuza rundo mara kwa mara hadi likauke kabisa.

Matunda yaweke kwenye mfuko peke yake. Yaliyoiva huliwa: ng'ata kitako, fyonza ute wa ndani, una uchachu na chumvi kidogo. Huko Rasi, Afrika Kusini, watu huyapikia jamu. Usile palipopigwa dawa, wala usitupe maganda ovyo. Tunda moja lina mamia ya mbegu, na sungura na kulungu tayari wanazisambaza vya kutosha.

6. Rudi. Mbegu huendelea kuota kwa miaka kadhaa. Pitia eneo kila baada ya miezi michache na ung'oe miche ingali na majani manne au sita, kabla shina halijaanza kutambaa.