Somo: Kumsaidia mtu apunguze pombe kwa simu yake mwenyewe

Somo hili ni la wale mnaokaa na watu kila siku: wahudumu wa afya wa vijijini, viongozi wa steji za bodaboda, akina mama wa vikundi vya akiba, wachungaji na maimamu. Mlengwa wetu ni yule anayekunywa kupita kiasi ila bado anaamka na kwenda kazini, na moyoni ameanza kujiuliza. Aliyekwisha kuzama nitamtaja kwenye maswali, maana kwake simu haitoshi.

Hatua ya 1: Ajipime. Shirika la Afya Duniani lina dodoso liitwalo AUDIT, maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8, unywaji wake una hatari. Akifika 20, mshawishi aende kituo cha afya kabla ya jambo lingine lolote. Mwache ajaze mwenyewe. Ukimchungulia begani, atakuandikia majibu ya kukufurahisha.

Hatua ya 2: Chagueni programu ya simu ya kuandikia kila anachokunywa. Iwe ya bure, ifanye kazi hata bando likiisha, na imruhusu kuongeza kinywaji chake mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo kubwa.

Hatua ya 3: Ifundisheni programu vinywaji vya kwetu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Programu nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani, na kila nchi ina kipimo chake: kipimo kimoja cha Uingereza ni gramu 8 za kileo halisi, cha Marekani ni gramu 14, na dodoso la AUDIT huhesabu kwa gramu 10. Mtu akiingiza “kimoja” kila anapomaliza chupa, hesabu yote ni ya uongo ingawa yeye hakudanganya.

Kwa hiyo rudini kwenye gramu. Chukua mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa gramu 20: vipimo viwili na nusu vya Uingereza. Sasa tazameni waragi, pombe kali ya Uganda. Tangu vipakiti vyake vipigwe marufuku Uganda mwaka 2019, wengi hununua kichupa cha mililita 200. Kikiwa na asilimia 40, kina gramu 64, yaani vipimo 8 vya Uingereza. Kichupa kinachoingia mfukoni kinazidi bia tatu! Nimeona watu wazima wakinyamaza kimya baada ya hesabu hiyo, na kunyamaza huko kuna faida kuliko hotuba yangu yoyote.

Waragi ya kienyeji isiyo na lebo haina hesabu. Tena mwambieni ukweli wote: mwaka 2010 watu wengi walikufa Kabale kwa waragi iliyokuwa na methanoli. Hiyo si ya kupunguza, ni ya kuacha.

Hatua ya 4: Wiki ya kwanza aandike tu. Asipunguze chochote. Aandike kabla ya kunywa, maana baada ya chupa ya tatu hakuna anayekumbuka.

Hatua ya 5: Lengo na kengele. Achague siku zake za kutokunywa. Kengele ilie kabla ya saa ya hatari: kwa mwendesha boda ni jioni anapohesabu mapato. Ikilia akiwa kilabuni, ataizima.

Hatua ya 6: Wewe. Programu ya Drink Less, iliyotengenezwa University College London, ilipimwa Uingereza kwa watu zaidi ya 5,000, na matokeo yakatoka 2024. Kwa hesabu kuu ya utafiti, waliopewa walipunguza takriban kipimo kimoja zaidi kwa wiki kuliko wenzao wasiopewa, na hata hilo halikuthibitika; kwa hesabu nyingine, takriban viwili. Hata hivyo viwili ni gramu 16, hazifiki bia moja. Kama faida ipo, ni ndogo, na ndiyo sababu nasisitiza usimwachie simu peke yake. Mpigie.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, huku Malaba tunakunywa ajono, pombe ya ulezi, chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Tutahesabuje?*
Gramu hamtazipata, ndugu yangu, hasa maji ya moto yakiongezwa kila mara. Hesabu saa ulizokaa na mrija. Ukizoea saa nne, lengo liwe mbili.

*Naweza kumwekea mume wangu bila yeye kujua?*
Hapana, dada. Akigundua, atakuficha pombe na simu pia. Mwombe siku ambayo hajanywa.

*Kaka yangu hutetemeka asubuhi mpaka aonje. Nimwambie aache leo?*
Usimwambie hivyo. Mwili uliozoea pombe, ukinyimwa ghafla, unaweza kuingia degedege na kuona mambo yasiyokuwepo, na mtu anaweza kufa. Mpelekeni hospitali, aache akiwa chini ya uangalizi. Hospitali ya Butabika, Kampala, wana kitengo cha ulevi. Programu itakuja baadaye.

*Mjomba ana kitochi tu.*
Daftari linatosha: tarehe, kinywaji, ukubwa wa chupa. Mpigie Ijumaa saa kumi jioni, kabla hajatoka kazini, akusomee wiki nzima mkijumlisha gramu pamoja.