Panya wa saizi gani anamfaa nyoka wako

Mtu akinunua nyoka kitu cha kwanza anaangalia kichwa, anaona kadogo basi anasema huyu atameza nini, anampa vipanya vichanga miezi na miezi hadi mnyama anakonda. Kichwa hakikuambii kitu. Taya la chini la nyoka ni vipande viwili ambavyo mbele havijaungana kwa mfupa, vimeshikwa na kano inayovutika, ndo maana anameza kitu kinene kuliko kichwa chake. Angalia pale katikati alipo mnene zaidi. Panya awe na unene huohuo, akizidi kidogo sio mbaya, ila akifika mara moja na nusu hapo umepitiliza.

Macho yanadanganya lakini, kwa hiyo nunua mzani wa jikoni wa kidijitali. Weka kontena ya plastiki tupu na mfuniko wake, bonyeza irudi sifuri, mtie nyoka ufunike, soma gramu, andika kwenye simu na tarehe. Nachukulia mfano wa Python regius, yule chatu mdogo wa Ghana na Togo na Benin anayejikunja mpira akiogopa, ndo wengi wanafuga huku Marekani na Ulaya. Akiwa mdogo mpe chakula cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani akiwa na gramu 60 anakula panya wa gramu 6 hadi 9, mara moja kwa wiki. Akishavuka gramu 500 unaanza kushusha taratibu na kuachanisha siku, na mtu mzima wa kilo moja na nusu panya wa gramu 75 kila wiki 2 au 3 anamtosha kabisa, najua utaona kidogo lakini hawa ni wavivu, wanashinda wamelala, na chatu wengi wa ndani shida yao ni kitambi sio njaa.

Hiyo asilimia usiishike kama msahafu. Konsneki (corn snake, nyoka mwembamba wa Marekani anayefugwa sana) akitoka kwenye yai ana gramu 6 au 7 tu, na kipanya cha siku mbili tatu kina kama gramu 2, ukipiga hesabu ni karibu theluthi ya uzito wake, ila kile kitu ni laini, hakina manyoya, mifupa bado haijakomaa, kinapita vizuri tu.

Dukani usiamini neno "kati" au "kubwa" kwenye pakiti ya panya wa friza, kila muuzaji ana kubwa yake, we soma gramu. Hamisha panya kwenye friji usiku ayeyuke, halafu mtie kwenye mfuko na umzamishe maji ya moto hadi apate joto la mwili. Maikrowevu hapana, atapasuka au aive nje huku ndani barafu. Mpe kwa koleo ndefu, vidole weka mbali, na panya mkubwa aliye hai usimwache naye ndani ya tangi la nyoka, anamng'ata nyoka vibaya sana.

Akishameza tazama mwili. Kivimbe kidogo kinachopotea ndani ya siku moja au mbili ndo unachotaka. Ukiona ngozi imevutika mpaka magamba yameachana na ngozi ya katikati inaonekana, panya alikuwa mkubwa, punguza safari ijayo. Usipoona kivimbe chochote na kesho yake anazunguka kioo anatafuta, ongeza saizi badala ya kumpa wawili wawili kila mara. Na usimshike siku 2, mwache na joto lake, ile sehemu ya moto iwe nyuzi 31 au 32, kwa sababu kwenye baridi hata panya wa saizi sahihi atatapikwa.

Akitapika usimlishe kesho yake kwa huruma. Kagua joto kwanza, maji yawepo, subiri siku 10 hadi 14, kisha mpe panya wa nusu ya saizi ya zamani. Akitapika tena mpeleke kwa daktari anayejua reptilia.

Kwa walio Kenya, kabla hujafikiria panya kuna kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, bila hicho nyoka wa nyumbani ni kesi.