Kusuka gurudumu la nyuma la baiskeli la spoku 32

Gurudumu lililonyooka si lazima liwe gurudumu zuri. Rimu inaweza kuzunguka bila kuyumba hata kidogo huku spoku moja imekazwa kupita kiasi na jirani yake imelegea. Gurudumu la aina hiyo halichukui muda kupinda, kisha spoku huanza kukatika kwenye kona yake, pale inapopinda karibu na kichwa. Kinachotafutwa ni mkazo ulio sawa, unyoofu hufuata.

Usiamini kipimo cha rimu (kipenyo kati ya ncha za spoku zinazotazamana) kilichoandikwa kwenye boksi. Chukua spoku mbili kuukuu, zikate vichwa zibaki mm 200 kila moja, ziingize kwenye matundu yanayotazamana (la 1 na la 17), kisha uzungushe nati (kile kifungo kidogo kinachoshika spoku kwenye rimu) hadi ncha ya spoku ifike usawa wa chini ya mfuo wa bisibisi. Zivute zikaze, pima pengo katikati, ongeza 400. Rudia sehemu nyingine mbili za rimu, uchukue wastani. Ukishapiga hesabu ya urefu, punguza desimali badala ya kuongeza: spoku ndefu humaliza nyuzi kabla haijakaza. Fupi sana nayo ina hatari yake, hasa kwa nati za alumini, kwa kuwa kichwa cha nati hukatika kisipopata spoku ndani yake. Upande wa gia kwa kawaida huhitaji spoku fupi kwa mm 1 hadi 2 kuliko wa kushoto.

Paka nyuzi zote mafuta mepesi, na tone moja kwenye kila tundu la rimu. Nati kavu hung'ang'ania, spoku ikajisokota badala ya kukaza.

Weka valvu juu, utazame upande wa gia. Matundu ya rimu nyingi hupishana, moja limeelekea kulia na linalofuata kushoto. Spoku ya kwanza, kichwa kikiwa nje ya flanji ya habu (ukingo wenye matundu kwenye kitovu cha gurudumu), iingie tundu la kwanza kulia kwa valvu ambalo limeelekea upande wa gia. Nyingine saba ziruke tundu moja la flanji na matundu matatu ya rimu. Kisha upande wa kushoto, nane tena, vichwa nje. Hapa ndipo wengi hupotea. Kama ile spoku ya kwanza imepakana na valvu, mwenzake wa kushoto akae tundu linalofuata, mbali na valvu. Kama iliruka tundu moja, akae kwenye hilo lililorukwa. Kwenye flanji pia, chagua tundu lililo nusu hatua kuelekea upande huohuo.

Sasa zungusha habu kuelekea mbele hadi spoku zilale, zile za jirani na valvu zikiikimbia. Zikilala juu ya valvu, pampu haitapata nafasi. Fumua sasa hivi. Spoku 16 zilizobaki huingizwa kutoka ndani ya flanji, vichwa ndani, na kulala upande wa pili. Kila moja hukutana na tatu: inapita nje ya mbili za kwanza, ndani ya ya tatu.

Kaza nati zote hadi nyuzi zipotee tu, halafu zunguka gurudumu zima kwa nusu mzunguko kila nati, ukianzia valvu. Bonyeza kona za spoku kwa kidole gumba zilalie flanji. Ondoa nundu za juu na chini mapema, mkazo ukiwa bado mdogo. Baadaye rimu haisikii. Mzunguko mmoja wa nati ni takriban mm 0.45, kwa hiyo mwishoni fanya kazi kwa robo na nusu robo. Kila unapokaza, pitiliza kidogo kisha rudi, ili msokoto wa spoku utoke.

Upande wa gia lenga mkazo wa kilo 100 hadi 120, bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji wa rimu. Kushoto utapata karibu nusu yake au zaidi kidogo, kutegemea habu, kwa sababu flanji ya upande wa gia iko karibu na katikati. Spoku nyembamba zaidi upande wa kushoto (mm 1.5 katikati) husaidia, maana hunyumbuka zaidi na hazilegei upesi. Huna kipima mkazo? Gonga spoku za upande mmoja usikilize: zote zitoe sauti moja.

Kamata spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba, uziminye kwa nguvu kuzunguka gurudumu lote. Rimu ikijikunja kama kiti cha farasi, umezidisha mkazo: legeza zote nusu mzunguko. Vinginevyo nyoosha tena hadi myumbo wa pembeni usizidi mm 0.3, na wa juu na chini mm 0.5, ukihakikisha rimu iko katikati ya ncha za ekseli. Mlio wa tik-tik kwenye safari ya kwanza ni msokoto uliobaki. Mwambie mteja alirudishe gurudumu likaguliwe baada ya kuliendesha kidogo, na uandike urefu wa spoku kwenye kadi ya oda.