Jinsi ya Kuomba Ruzuku ya Kimataifa Ukiwa Mchoraji au Mchongaji Binafsi Tanzania

Wachoraji wengi wanaofanya kazi peke yao, bila kampuni wala kikundi kilichosajiliwa, huamini kwamba ruzuku ni za taasisi tu. Kwa mifuko mingi hilo ni kweli, lakini ipo mingine inayompa fedha msanii mwenyewe, kwa jina lake, bila kumtaka awe na bodi, katiba wala mhasibu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa ombi la aina hiyo ukiwa Tanzania, kuanzia kuchagua mfuko hadi fedha kuingia katika akaunti. Nimeuandika kwa sababu inaniuma kuona maombi ya wasanii hodari yakianguka kwa mambo yasiyohusiana na uhodari wao: picha iliyopigwa chini ya taa ya dari, bajeti isiyojumlika, au jina la akaunti lisilofanana na la pasipoti.

Kwanza tutenganishe ruzuku na mkopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unafahamika zaidi kwa mikopo yenye masharti nafuu, na mkopo hurejeshwa hata kama maonesho yako hayakuuza kazi hata moja. Ruzuku hairejeshwi, ila huambatana na masharti ya matumizi na mara nyingi taarifa ya mwisho. Msanii anayetaka kununua mashine ya kukata fremu ili awauzie wenzake anaweza kufaidika na mkopo. Anayetaka mwaka mmoja wa kuchora bila kukimbizana na oda za watalii anapaswa kutafuta ruzuku.

Kuchagua mfuko

Usianze kuandika kabla hujasoma vigezo vya mfuko hadi mwisho, hasa sehemu inayotaja wasiostahili. Mfano mzuri ni Pollock-Krasner Foundation ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1985 kutokana na mali aliyoacha mchoraji Lee Krasner, mjane wa Jackson Pollock. Mfuko huo umekwisha kuwapa ruzuku wasanii wa nchi zaidi ya 70, na uraia wa Tanzania si kikwazo. Hutazama mambo mawili kwa pamoja, yaani ubora wa kazi na uhitaji halisi wa fedha. Unapokea wachoraji, wachongaji na wanaofanya kazi juu ya karatasi, wakiwamo wachapaji, lakini haupokei wasanii wa video, wa maonesho ya jukwaani, watengenezaji wa filamu wala wanafunzi. Haulipi madeni ya zamani, hauchangii ununuzi wa kiwanja au nyumba, na haugharimii kazi iliyoagizwa na mtu mwingine. Aidha, unataka mwombaji awe anaonesha kazi zake katika kumbi za kitaaluma. Kwa hiyo mchoraji aliyeuza kazi nyingi kwenye vibanda vya Mwenge au Slipway lakini hajawahi kushiriki maonesho yenye tarehe, mahali na orodha ya washiriki, anapaswa kwanza kujijengea historia hiyo, kwa mfano kupitia Nafasi Art Space ya Mikocheni, vituo vya utamaduni vya balozi, au maonesho ya pamoja ambayo wasanii wenyewe huandaa.

Kwa aliye mwanzoni mwa safari, mlango mwingine ni tuzo za Seed Awards za Prince Claus Fund ya Amsterdam, ambazo zimekuwa zikitolewa kwa watu 100, kila mmoja euro 5,000, kwa wasanii chipukizi wa Afrika, Asia, Amerika ya Kilatini, Karibi na Ulaya ya Mashariki. Fedha hizo hazifungwi na mradi mmoja, jambo ambalo ni nadra na la thamani kubwa. Elizabeth Greenshields Foundation ya Montreal, Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1955, nayo husaidia wachoraji, wachongaji na wachapaji wanaochipukia, ila kwa kazi zinazoonesha watu na vitu vinavyotambulika tu. Anayechora dhahania asipoteze muda huko.

Viwango, tarehe na masharti hubadilika, kwa hiyo chukua maelezo ya mwaka huu kutoka tovuti ya mfuko wenyewe, si kutoka ujumbe uliosambazwa katika makundi ya WhatsApp.

Nyaraka za nyumbani

Kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, hakikisha karatasi zako ziko sawa. Msanii wa Tanzania Bara anatakiwa kusajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Wa Zanzibar anahusika na BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la huko. Mfuko wa nje huenda usikuulize cheti hicho, lakini ukumbi utakaokupokea kwa maonesho ya kuhitimisha mradi unaweza kukihitaji, na mdhamini wako, yaani mtu atakayekuandikia barua ya kukupendekeza, atakuwa na jambo la uhakika la kusema juu yako. Andaa pia kitambulisho cha Taifa au cha Mzanzibari Mkaazi, pasipoti, namba ya mlipakodi, na akaunti ya benki inayopokea fedha za kigeni.

Weka nyaraka hizo mezani kwa pamoja na usome jina katika kila moja. Kitambulisho kina majina matatu, akaunti ina mawili, pasipoti imeandika «Mohamedi» na cheti kimeandika «Mohammed», na kazi zako zote umezisaini kwa jina la usanii ambalo halimo popote. Benki iliyo ng'ambo haijui kwamba huyo ni mtu mmoja, na malipo yanaweza kurudishwa yalikotoka. Sahihisha tofauti hizo mapema, au pata hati ya kiapo inayothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Katika fomu andika jina la pasipoti, na jina la usanii liwekwe pale tu linapoulizwa.

Picha za kazi

Hapa ndipo ombi linaposhinda au kushindwa, na ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Wajumbe wa jopo hawatafika Bagamoyo wala Mwanza kuona kanvasi yako. Wanaona picha kwenye kioo, moja baada ya nyingine, zikiwa kati ya mamia ya picha za wengine, na kila moja hupata sekunde chache.

Toa kazi nje, uiweke kwenye kivuli cha ukuta mkubwa, asubuhi au alasiri, siku yenye mawingu mepesi ikiwezekana. Jua la moja kwa moja hufuta rangi nyepesi, na taa za ndani hufanya nyeupe ionekane ya njano. Iegemeze bila kuilaza sana, kisha weka kamera au simu juu ya stendi, lenzi ikiwa usawa wa katikati ya kazi na ikitazamana nayo sawasawa, ili pembe nne zisipinde. Rudi nyuma na ukuze kidogo badala ya kusogea karibu, kwa kuwa lenzi ya simu ikiwa karibu huvimbisha katikati. Zima flashi.

Wanaochora kwa rangi za enameli juu ya hadibodi, kama ilivyo desturi ya Tingatinga, wana taabu ya ziada, kwa sababu uso wa kazi hung'aa na kurudisha mwanga wa anga, hata shati jeupe la mpiga picha. Vaa nguo nyeusi, mwombe mtu ashike kitambaa cheusi nyuma ya kamera, na ugeuze kazi taratibu hadi mng'ao utoweke. Kazi ya uchongaji, iwe ya mpingo au ya chuma chakavu, ipigwe mbele ya shuka moja la kijivu, kwa pande mbili angalau, na picha moja iwe na kitu kinachoonesha ukubwa wake.

Kata picha ili ibaki kazi peke yake, bila ukuta, mkono wala fremu. Usiongeze ukali wa rangi. Hifadhi kwa JPEG katika ukubwa uliotajwa na mfuko, na ulipe faili jina linaloeleweka lenye namba ya mpangilio na jina lako, kwa kuwa faili linaloitwa IMG_4471 likitengana na ombi halitapata mwenyewe.

Ukitakiwa kutuma picha 10, tuma 10 za miaka ya karibuni zinazosimama pamoja kama kazi ya mtu mmoja mwenye jambo analolifuatilia. Wasanii wetu hupenda kuonesha kwamba wanaweza kila kitu, basi wanachanganya simba, Wamasai, picha ya rais na kazi moja ya dhahania, na jopo linabaki bila kujua huyu ni nani. Tanguliza kazi yenye nguvu kuliko zote, na ya pili kwa nguvu iwe ya mwisho. Kila moja iambatane na maelezo yaliyopangwa kwa mtindo mmoja: jina la kazi, mwaka, malighafi, urefu wa kwenda juu kisha upana kwa sentimita. Kwa mfano: «Maji Kupwa, Paje», 2023, akriliki juu ya kanvasi, sentimita 90 × 120. Kuandika «rangi mchanganyiko» bila kusema rangi gani ni kujinyima heshima ya kujua zana zako.

Maelezo ya msanii na andiko la mradi

Sentensi kama «Mimi ni msanii mwenye kipaji tangu utotoni na ninapenda kuelimisha jamii» inaweza kuandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo haimsemei yeyote. Linganisha na hii: «Tangu mwaka 2019 ninachora wanawake wanaolima mwani Paje. Ninachora maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu saa zao za kazi hupangwa na bahari, na ninatumia rangi nyembamba zinazoacha kanvasi ionekane, kama mchanga unavyoonekana chini ya maji.» Msomaji sasa anajua unachora nani, wapi, tangu lini, na kwa nini rangi yako iko hivyo, akifungua picha anakuta kilekile alichoahidiwa.

Andiko la mradi lijibu maswali ya wazi: utafanya nini, kazi ngapi, kwa muda gani, wapi, na fedha itabadilisha nini katika utendaji wako. Mfuko unapouliza hali ya kifedha, eleza kwa tarakimu na bila kulia: kipato cha mwaka uliopita, kodi ya chumba cha kazi, watu unaowategemeza, na gharama ambayo imesimamisha kazi. Kuficha uhitaji mbele ya mfuko unaopima uhitaji ni kujikosesha, na kuutia chumvi ni udanganyifu unaoonekana mara bajeti inaposomwa.

Fomu nyingi ni za Kiingereza au Kifaransa. Iwapo unafikiri vizuri zaidi kwa Kiswahili, andika kwanza kwa Kiswahili, kisha mpe anayetafsiri azione kazi zako kabla hajaanza. Usimwachie akuandikie upya, kwa maana ukiitwa kwa mahojiano utaulizwa juu ya maneno hayo.

Bajeti

Tengeneza bajeti kwa shilingi kwanza, ukitumia bei ulizoziuliza dukani, kisha ubadilishe kwa fedha ya mfuko na utaje kiwango cha kubadilishia na tarehe yake. Kila mstari uoneshe kizio: tuseme kanvasi mita 12 kwa shilingi 25,000 kila mita, jumla shilingi 300,000. Mstari ulioandikwa «vifaa, shilingi 3,000,000» haumwambii mtu kitu. Usisahau usafirishaji wa kazi, upigaji picha, makato ya benki, na malipo yako mwenyewe kwa miezi utakayofanya kazi pale mfuko unaporuhusu, kwani msanii anayejitoa kwenye bajeti yake humwonesha mfadhili kwamba mradi utakwama atakapohitaji kula. Kila kitu kilichotajwa katika andiko kionekane katika bajeti, na kisichokuwamo katika andiko kisiibuke humo.

Wadhamini, kutuma na kupokea

Wadhamini wawe watu walioziona kazi zako kwa macho yao: msimamizi wa ukumbi, mwalimu wa sanaa, au msanii mkongwe. Barua ya kiongozi mkubwa asiyekufahamu haina uzito. Waombe mapema, uwapelekee picha na muhtasari wa mradi, na uwakumbushe kwa adabu.

Maombi mengi siku hizi hutumwa kwenye tovuti, mara kwa mara kupitia mfumo wa Submittable. Fungua akaunti mapema, nakili maswali yote uyajibie kando, kisha uyabandike. Soma saa ya mwisho kwa saa za Afrika Mashariki. Saa sita usiku ya New York ni saa moja au saa mbili asubuhi kwetu, kutegemea majira yao. Tuma siku kadhaa kabla, kwa sababu umeme na intaneti havina miadi na mtu. Ukiombwa ulipie ada ili ruzuku uliyokwisha «kushinda» iachiliwe, acha hapo hapo, huo ni utapeli.

Jibu linaweza kuchukua miezi mingi. Ukikubaliwa na mfadhili wa Marekani, huenda ukatakiwa kujaza fomu ya kodi W-8BEN, inayothibitisha kwamba wewe si mkaazi wa huko. Eleza wazi kwamba kazi yote itafanyika Tanzania, kwani ruzuku ya kazi inayofanyika nje ya Marekani kwa kawaida haikatwi kodi yao kwa mtu asiye mkaazi. Kuhusu kodi ya hapa, peleka mkataba ofisi ya TRA ya eneo lako kabla ya kuanza kutumia. Ipe benki yako nakala ya barua ya ruzuku, kwa sababu kiasi kikubwa kikiingia kutoka nje utaulizwa chanzo chake, na upate kwao kwa maandishi msimbo wa SWIFT (unaoitambulisha benki yako kimataifa) na namba kamili ya akaunti.

Kuanzia siku hiyo hifadhi kila risiti, na upige picha kila kazi inapokamilika kwa utaratibu uleule wa kivuli na stendi, maana taarifa ya mwisho itazihitaji zote mbili. Ukikataliwa, andika kwa ufupi kuuliza kama wanatoa maoni, angalia muda unaoruhusiwa kuomba tena, kisha ubadilishe picha kabla ya kubadilisha maneno.