Dar hadi Matema na kamera: namna ya kupanga safari ndefu ya picha

Wengi hupanga safari ya gari kama wanaowahi msibani: watoke usiku, wafike upesi. Matokeo yake wanapita Bonde la Mibuyu, kati ya Mikumi na Iringa, saa 8 mchana, jua likiwa limelala bapa juu ya kila kitu, na wanaingia Iringa gizani. Safari ya picha hupangwa kinyume. Unaanza na mwanga, unachagua pa kulala, kilomita unazihesabu mwisho. Mfano wetu ni barabara kuu ya Tanzania–Zambia kutoka Dar es Salaam hadi Uyole, kisha kushuka Tukuyu mpaka Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kwenda tu ni karibu kilomita 1,000. Itengee siku 10: saba za kwenda na kupiga picha, moja ya akiba, mbili za kurudi.

Chagua msimu, kubali hasara yake

Safari moja haikupi vyote. Juni hadi Agosti mibuyu haina majani na matawi yake yanaonekana yote, anga ni safi, na kitovu cha Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nyota, kinapanda juu sana usiku. Lakini uwanda wa Kitulo, hifadhi ya maua ya nyanda za juu kusini, unakuwa nyasi kavu tu. Maua yake, yakiwemo aina 45 hivi za okidi za ardhini, huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya mvua. Ukiyataka maua, nenda Januari au Februari na gari la 4x4, maana kuipanda barabara ya Hamsini na Saba toka Chimala, yenye kona kali 57, si kazi ya gari dogo kukiwa na utelezi. Usipoyataka, iache Kitulo kabisa. Kuibana katikati ya Julai ili useme umefika ni kupoteza siku nzima. Mpango ulio hapa chini ni wa Juni hadi Agosti.

Kabla ya kufunga tarehe, tazama kalenda ya mwezi. Usiku wa mibuyuni uangukie siku tatu kabla au baada ya mwezi mwandamo, la sivyo nyota zitamezwa na mwanga wa mwezi.

Jedwali la mwanga

Chora karatasi yenye safu nne: mahali, jua kuchomoza, jua kuzama, mwelekeo wa kutazama. Usitumie saa za Dar kwa safari nzima. Mbeya iko magharibi zaidi, kwa hiyo jua lake huchelewa kwa dakika 20 na kitu. Mwishoni mwa Juni jua la Dar huchomoza karibu saa 12:33 asubuhi, la Mbeya karibu saa 1 kamili. Huku kwetu mapambazuko hayakawii; toka anga ianze kupata rangi hadi jua litoke una takribani dakika 25. Tripodi iwe imesimama na fremu imechaguliwa kabla ya hapo. Anayefika jua likichomoza amechelewa.

Saa 3:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri ni muda wa kuendesha, kula, kuchaji na kuhamisha picha. Machweo na alfajiri ni za kamera, na hapo ndipo pa kulala panapoamua picha: kuendesha usiku katika barabara hii ya malori ni hatari, kwa hiyo kitanda kisizidi dakika 15 kutoka mahali pa machweo. Hesabu mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, si 80. Matuta, vijiji vya kilomita 50 kwa saa, mizani na foleni za malori vitakula tofauti hiyo.

Kumbuka pia kwamba kwenda, asubuhi jua liko mgongoni na jioni liko usoni. Kurudi ni kinyume. Andika mahali pa kupiga mara mbili. Mbuyu uliokuwa kivuli cheusi wakati wa kwenda unaweza kuwa na gome la dhahabu wakati wa kurudi.

Vituo na mbinu zake

Siku ya kwanza toka Dar saa 11 alfajiri uiwahi foleni ya Kibaha, ulale Mikumi mjini. Barabara inakatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50. Mwendo una kikomo, anayegonga mnyama hutozwa faini, na kushuka kwenye gari hairuhusiwi. Piga kupitia dirishani, injini ikiwa imezimwa ili mtetemo usiharibu picha, lenzi ikiegemea mfuko wa mchele au maharage wa kilo 2 uliowekwa kwenye mlango.

Siku ya pili ni fupi makusudi. Toka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni haifiki kilomita 100, kwa hiyo mchana wote ni wa kutafuta mbuyu. Tafuta uliosimama peke yake, wenye anga tupu nyuma. Mibuyu mitatu iliyobanana huwa doa jeusi lisilo na umbo. Jua likikaribia kuzama, pima mwanga wa anga, punguza stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hukata mwanga kwa nusu), tumia f/16 (tundu dogo la lenzi) na ulifiche jua nusu nyuma ya tawi ili litoe miale. Usiondoke likizama. Subiri rangi ya buluu, kisha nyota: lenzi ya milimita 16, f/2.8 (tundu pana), sekunde 20, ISO 3200 (kamera ihisi mwanga zaidi). Msaidizi amulike shina kwa tochi kutoka ubavuni kwa sekunde mbili tu, tochi ikiwa imefunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Kumulika kutoka usawa wa kamera kunaufanya mti uwe bapa. Focus ifanye kwa mkono kwenye nyota angavu, ukikuza picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Alama ya mwisho (∞, ya vitu vya mbali kabisa) kwenye lenzi mara nyingi inadanganya.

Kitonga ipande asubuhi ya siku ya tatu. Usisimame mlimani hata ukiona fremu ya ajabu, kwa sababu malori yanayoshuka yanategemea breki zilizochoka na pembeni hakuna nafasi. Picha ya mistari ya taa pigia mahali palipo wazi, mbali na lami: f/8 hadi f/11, ISO 100, sekunde 20 hadi 30. Ilula simama kwa wauza nyanya, kama vile Ruaha Mbuyuni ulivyosimama kwa wauza vitunguu. Nunua kwanza, salimia, omba ruhusa, ndipo unyanyue kamera. Mwanga wa mchana chini ya turubai ni laini, na kazi hiyo haihitaji machweo. Jioni panda jiwe la Gangilonga uupige mji wa Iringa.

Isimila, karibu kilomita 20 kutoka Iringa, ingia saa 2:30 asubuhi. Nguzo za udongo zimesimama ndani ya korongo, na jua likiwa bado chini upande mmoja unawaka, mwingine uko kivulini. Mweke mtu mmoja chini ya nguzo, ama sivyo ukubwa wake hauonekani.

Mafinga ndiyo zawadi ambayo wengi huipita bila kupunguza mwendo. Misonobari ya Sao Hill imepandwa kwa mistari, na asubuhi za Juni na Julai zina ukungu na baridi kali. Weka sekunde 1/4, f/16, ISO 100, kisha ishushe kamera wima taratibu huku ukibonyeza. Mashina yanageuka michirizi kama ya rangi ya maji. Piga 30 upate mbili. Zikitoka zimetikisika tu, basi mkono ulianza kwenda baada ya kubonyeza; anza kuusogeza kabla.

Makambako reli ya TAZARA inaikuta barabara. Stesheni, madaraja, polisi na kambi za jeshi usizipige bila kibali. Droni nayo inahitaji usajili na kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na hifadhini iache kwenye begi.

Tukuyu piga mashamba ya chai mara tu mvua ikikata. Tumia filta ya polaraiza kuondoa mng'ao wa majani, nayo itakugharimu stopu moja hadi mbili za mwanga. Matema lala usiku mbili. Milima ya Livingstone iko mashariki, kwa hiyo jua hufika ufukweni kwa kuchelewa na asubuhi ina kivuli kirefu, kizuri kwa sura za watu na vyungu vya Wakisi. Mawimbi yafanye moshi kwa filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya stopu 10: sekunde 1/60 inakuwa karibu sekunde 17. Pima bila filta, lenga, zima focus ya kujiendesha, ndipo uifunge. Ukisahau, kamera itahangaika kutafuta focus gizani.

Vitu vinavyoharibika

Vumbi ndiyo adui mkubwa. Badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vikiwa juu na feni imezimwa, kamera ikitazama chini. Madoa yataonekana kwenye anga ukifunga hadi f/16. Beba pampu ya mkono, usipulize kwa mdomo. Ukishuka toka baridi ya Mafinga au Tukuyu kwenda joto la Kyela, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, vinginevyo lenzi itafanya ukungu.

Betri tatu zinatosha mtu mmoja, na inveta ya wati 150 kwenye gari itazichaji unapoendesha. Picha 300 za RAW (faili ghafi za kamera) kwa siku, kila moja ikiwa MB 30, ni GB 9. Kwa siku 10 ni GB 90. Beba diski mbili za nje, nakili kila jioni, diski moja ikae kwenye begi la nguo na nyingine na dereva. Memori kadi usiifute mpaka nakala zote mbili zifunguke.

Mafuta: kilomita 2,200 pamoja na michepuko, kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, ni lita 220. Jaza tenki likifika nusu. Kagua spea, jeki na upepo kabla ya kutoka Dar. Ada za hifadhi lipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, kwani pesa taslimu getini haipokelewi.

Na mpiga picha asiwe dereva. Mkiwa wawili, mwenye zamu ya kamera anakaa kushoto, kioo kikiwa safi ndani na nje, khanga nyeusi ikizunguka lenzi kuzuia mwakisiko, sekunde 1/15 kwa mashamba yanayokimbia. Mnapokezana Chalinze, Iringa na Makambako.