Mrushaji kamwaga wino: namna ya kulipima dili la MLB msimu ukiisha

Mashabiki wengi wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Amerika Kaskazini, huanza na jumla ya fedha, na hapo ndipo wanapopotea. Dola milioni 180 kwa mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) wa miaka 27 na milioni 180 kwa wa miaka 33 ni madili mawili tofauti kabisa. Hata wakilingana umri, kipengele kimoja cha mkataba kinaweza kugeuza hesabu yote. Utaratibu ufuatao unafaa kwa kila tetesi, tangu World Series, yaani fainali ya ligi, iishe hadi kambi za mazoezi zifunguliwe katikati ya Februari.

Amepatikanaje?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu kila njia ya kumpata mrushaji ina gharama isiyoandikwa kwenye kichwa cha habari.

Mchezaji huru ni yule aliyetimiza miaka sita ya utumishi kwenye ligi kuu huku mkataba wake ukiwa umekwisha. Mwaka wa utumishi ni siku 172, ilhali msimu una siku 187 hivi. Ndiyo maana chipukizi aliyeiva huachwa ligi ndogo wiki chache za mwanzo wa msimu: akikosa siku hizo, mara nyingi klabu inabaki naye mwaka mmoja zaidi. Mwenye utumishi wa miaka mitatu hadi sita hana uhuru huo. Mshahara wake hupangwa kwa makubaliano au kwa usuluhishi, na hawezi kuondoka mpaka auzwe, au klabu ikatae kumpa mkataba ifikapo siku ya ukomo wa kutoa mikataba, ambayo huangukia Novemba. Tarehe hiyo iwekee alama, maana warushaji wazuri waliotoka kuumia hutupwa sokoni siku hiyo kwa bei ya chini.

Kwa mchezaji huru, angalia kama klabu yake ya zamani ilimpa ile ofa maalumu ya mwaka mmoja, ambayo ni wastani wa mishahara 125 ya juu kabisa ya ligi. Msimu wa usajili wa 2024-25 ilikuwa dola milioni 21.05. Akiikataa, klabu itakayomsajili inapoteza nafasi za drafti, yaani zamu za kuchagua vijana wapya. Klabu inayolipa kodi ya anasa (tozo kwa klabu ambayo jumla ya mishahara yake imevuka kiwango cha ligi) ndiyo inayoumia zaidi: inapoteza nafasi yake ya pili na ya tano kwa ubora, pamoja na dola milioni moja ya bajeti ya kusajili vijana wa nje. Ofa hiyo hutolewa mara moja tu katika maisha ya mchezaji, na lazima awe ameichezea klabu hiyo msimu mzima. Kwa hiyo mrushaji aliyenunuliwa Julai hawezi kupewa, lakini aliyenunuliwa majira ya baridi anaweza. Orioles walimchukua Corbin Burnes kutoka Brewers Februari 2024 akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Alipoondoka mwisho wa msimu walishampa ofa hiyo, naye akaikataa, wakapata nafasi ya drafti. Ukilipima dili lile bila kuihesabu nafasi hiyo, umepima nusu.

Anayetoka Japani kabla ya kuwa huru ana ada ya klabu yake ya huko. Ada hiyo ni asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza za mkataba, asilimia 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na asilimia 15 ya zinazobaki. Chukua mkataba wa Yoshinobu Yamamoto na Dodgers wa Desemba 2023, miaka 12 kwa milioni 325: milioni 5, jumlisha 4.375, jumlisha 41.25. Jumla ni milioni 50.625 zilizokwenda Orix Buffaloes juu ya mkataba wenyewe. Ada hii haihesabiwi kwenye kodi ya anasa, na klabu zenye fedha zinalijua hilo vizuri. Mwenye umri chini ya miaka 25 hushughulikiwa kwa kanuni nyingine: hulipwa kutoka bajeti ya vijana wa nje, ndiyo maana Roki Sasaki alisaini Januari 2025 kwa bonasi ya milioni 6.5 tu.

Mkono kwanza, takwimu baadaye

Mrushaji ni mkono. Fungua rekodi yake ya iningi, yaani vipindi vya mchezo alivyorusha, kwa miaka minne au mitano na utafute mashimo. Jihadhari na namna zinavyoandikwa: 31.1 ni iningi 31 na theluthi moja, wala si 31 na sehemu moja ya kumi. Anayeziingiza kwenye kikokotoo kama desimali hupata ERA (wastani wa pointi anazobebeshwa mrushaji kwa kila iningi tisa) ya uongo, na kosa hili liko kila mahali.

Kisha kasi. Mpira wa kasi wa wastani kwenye ligi kuu unakwenda kama maili 94 kwa saa, karibu kilomita 151. Linganisha Septemba na Septemba ya mwaka uliotangulia, usilinganishe na Aprili, kwa sababu mikono hupata moto joto la hewa linapopanda. Kupungua maili moja na nusu kwa mrushaji wa miaka 31 ni taa nyekundu hata kama ERA yake inameremeta. Angalia pia alikuwa anatumika vipi: anayeingia katikati ya mchezo kurusha iningi moja hutoa nguvu zake zote, hivyo kasi yake hushuka akigeuzwa kuwa wa kuanza mchezo. Klabu hupenda kujaribu mabadiliko haya. Wewe toa maili moja au mbili kabla ya kushangilia.

Kano ya kiwiko ndiyo inayovunja mikataba mingi. Upasuaji wa Tommy John, aliofanyiwa mrushaji wa jina hilo mwaka 1974 na daktari Frank Jobe, humweka mtu nje kwa miezi 12 hadi 18. Jacob deGrom alisaini Rangers miaka mitano, milioni 185, Desemba 2022. Alianza mechi sita, na Juni 2023 akapasuliwa. Stephen Strasburg alisaini miaka saba, milioni 245, baada ya kutwaa World Series ya 2019 na Nationals. Kwa mkataba wote ule alicheza mechi nane. Wala hawakuwa wabovu. Dalili zilikuwamo kwenye historia ya mikono yao, na kila klabu iliyowania saini zao ilizisoma.

Sasa njoo kwenye takwimu. Usinunue mrushaji kwa ERA ya mwaka mmoja, maana ndani yake kuna mabeki wake, uwanja wake na bahati yake. Tumia FIP, inayohesabu mambo yasiyopita mikononi mwa mabeki. Mfano wa kubuni: iningi 180, homurani 18 (mipigo iliyovuka uzio), besi za bure 50 (mpigaji kupita baada ya mipira minne mibaya), wapigaji 6 waliogongwa na mpira, na 200 waliotolewa kwa straiki. Zidisha homurani kwa 13, upate 234. Jumlisha besi za bure na waliogongwa, 56, zidisha kwa 3, upate 168. Waliotolewa kwa straiki zidisha kwa 2, upate 400, kisha utoe. Inabaki 2. Gawanya kwa 180, halafu ongeza namba ya kusawazisha ya mwaka huo, ambayo huwa karibu na 3.10. Unapata 3.11. Kama ERA yake ilikuwa 2.30, kuna pengo ambalo mtu analilipia.

Kipimo cha haraka zaidi ni asilimia ya wapigaji aliowatoa kwa straiki, utoe asilimia ya aliowapa besi ya bure. Ligi nzima huwa kwenye 14 hivi. Ukiona 20 na kuendelea, huyo ni mrushaji wa daraja la juu. Blake Snell alitwaa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, 2023 kwa ERA ya 2.25 huku akigawa besi za bure 99 katika iningi 180, na soko likasita. Mkataba mrefu haukuja. Alisaini Giants katikati ya Machi 2024, miaka miwili kwa milioni 62. Hapo kuna funzo jingine: aliyechelewa kusaini anachelewa pia kuuandaa mkono. Snell aliumia na hakushinda hata mechi moja kati ya sita zake za mwanzo, ndipo baadaye akarudi kwenye makali yake.

Soma vipengele

Kipengele cha kujitoa ni zawadi kwa mchezaji, hata kama klabu inakitangaza kwa tabasamu. Akifanya vizuri anaondoka kutafuta zaidi; akiumia anabaki na klabu inalipa. Burnes alisaini Diamondbacks miaka sita, milioni 210, akiwa na haki ya kujitoa baada ya miaka miwili. Juni 2025 alifanyiwa upasuaji wa Tommy John. Bila shaka umeshaelewa nani anabeba mzigo.

Fedha za kulipwa baadaye hupunguza thamani halisi ya mkataba. Shohei Ohtani, ambaye naye ni mrushaji, ana milioni 700 kwa miaka kumi, lakini 680 kati ya hizo zitalipwa mkataba ukishaisha. Kwenye kodi ya anasa anahesabiwa karibu milioni 46 kwa mwaka, si 70.

Kodi yenyewe hutumia wastani wa mkataba kwa mwaka, si fedha zinazotoka mwaka ule. Kiwango cha 2025 kilikuwa milioni 241. Klabu iliyovuka kwa mwaka wa tatu mfululizo, na kwa zaidi ya milioni 60, hulipa asilimia 110 kwenye kila dola inayozidi hizo milioni 60. Mrushaji wa milioni 25 anaigharimu klabu hiyo milioni 52.5. Klabu jirani iliyo chini ya kiwango inamlipa 25 tu kwa kazi ileile.

Ikiwa ni kubadilishana

Hapa usihesabu majina, hesabu miaka ya umiliki. Garrett Crochet alipokwenda Red Sox Desemba 2024, White Sox walipata chipukizi wanne, kwa kuwa alikuwa amebakiza misimu miwili ya mshahara mdogo na alitoka kuwatoa kwa straiki wapigaji 209 katika iningi 146. Uliza pia nani anatuma fedha. Chris Sale alipouzwa kwa Braves Desemba 2023, Red Sox walimchukua Vaughn Grissom na kutoa milioni 17 juu. Mwaka uliofuata Sale akatwaa Cy Young. Na kama mchezaji ana utumishi wa miaka kumi, mitano ya mwisho akiwa na klabu hiyohiyo, hawezi kuuzwa bila ridhaa yake, kwa hiyo tetesi zake zipime na hilo.

Mwisho kuna nafasi 40 za kikosi. Dili halijawa rasmi mpaka vipimo vya afya vipite na mchezaji apate nafasi humo. Orodha ya majeruhi wa siku 60 haipo majira ya baridi, hivyo mrushaji anayeuguza kiwiko anakalia nafasi tangu Novemba. Inarudi kambi zikifunguliwa. Ukiona klabu imemtangaza mrushaji wiki hiyohiyo ya Februari, tazama majeruhi wake: mara nyingi kuna aliyehamishiwa siku 60 ili kumpisha.